Tupeane uzoefu: umeshawahi kudondoka kwenye ngazi za nje kazini?

Wakuu, masika ndiyo haya. Ofisini kwetu mhasibu kashuka ngazi za nyuma kwa makalio, watu wakacheka, basi. Ngazi zenyewe zimewekwa malumalu ya sebuleni, yale ya kung'aa! Nani yamemkuta, na mwajiri alisemaje?

*Nesi wa Zamu:* Mimi ni ngazi ya kutoka wodini kwenda maabara, usiku, taa imeungua siku nyingi. Kidato cha mwisho kirefu kuliko vingine. Mguu umeshazoea kimo cha vile vya juu, ukifika pale unatafuta chini huipati. Kifundo kikapinduka, nikafungwa hogo.

*Mzee wa Haki:* Pole sana dada. Ajali iliandikwa? Kwa Tanzania Bara kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, mchango anatoa mwajiri, mshahara wako haukatwi hata senti. Ila madai yana muda, miezi 12 tangu ajali.

*Nesi wa Zamu:* Msimamizi aliandika usiku ule ule kwenye kitabu cha ajali. Bila hivyo ningekwama, maana afisa utumishi alishaanza kusema nimeangukia nyumbani.

*Kijana wa Godauni, Mombasa:* Huku kwetu Kenya ni WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Nilikuwa nimebeba katoni hadi kidevuni, sioni miguu, ngazi haina pa kushika. Bosi akanitoa pesa ya dawa na soda. Soda jamani, na mkono umevimba hivi!

*Mbeba Boksi, Minneapolis, Marekani:* Huku adui ni barafu isiyoonekana. Theluji inayeyuka mchana, usiku maji yanaganda, unadhani ngazi imelowa tu. Wanamwaga chumvi, ila baridi ikizidi sana chumvi haifui dafu, inabidi mchanga.

*Fundi Zege:* Tajiri anataka ing'ae, ndipo tatizo linapoanzia. Ngazi ya nje iache rafu, ipe mteremko kidogo maji yatoke, piga mistari ukingoni. Na msipake rangi ya mafuta, nawasihi.

*Mleta mada:* Na zilizokwisha wekwa malumalu, fundi?

*Fundi Zege:* Tepu za msasa, zinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Sugua ukungu, kausha kabisa, bandika kwenye ukingo wa kila kidato. Ikianza kubanduka itoe siku hiyo hiyo, la sivyo ndiyo itakayowakwaza.