Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba imani yako ilikuwa ya mdomoni tu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naanza mimi.

Nimebatizwa mchanga, kipaimara nikapata, Kanuni ya Imani naisema nimefumba macho. Kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kila siku nawaingiza Kanisa Kuu la Mkunazini, nawaonyesha mbele ya altare pale panaposemwa watumwa walifungwa wakachapwa. Nawaeleza soko la watumwa lilivyofungwa 1873 na Askofu Edward Steere alivyosimamia ujenzi wa kanisa palepale. Wengine hulia.

Jioni moja narudi nyumbani, binti anayetulelea mtoto ananiambia, "Baba, mshahara wangu mwezi wa tatu huu." Katoka kufua, povu mpaka viwikoni. Nikamwambia asubiri. Usiku Yakobo 2:19 ikanikaba: "Mashetani nao waamini na kutetemeka." Mimi nilikuwa hata sitetemeki. Nilipiga magoti, na si kwa deni lile peke yake. Niliona sijawahi kumhitaji Yesu hata siku moja.

Nyie je?

Mama wa Mbweni: Amina kaka. Ila tuangalie, mtu asije akadhani akishalipa deni ndio kaokoka. Mie sikuwa na deni la mtu. Nilipolazwa kwa operesheni nikataka kuomba, nikajikuta namhesabia Mungu: kwaya, zaka, kufagia kanisa. Kama mtu anayedai posho! Katikati ya hesabu maneno yakaniishia, nikabaki na "Bwana, nihurumie." Efeso 2:8, kwamba tunaokolewa kwa neema, niliikariri tangu utoto, siku ile ndio niliielewa.

Wa Weti: Mie nilikuwa mzee wa kanisa, nakodi mikarafuu. Wachumaji tunawalipa kwa pishi, kile chombo cha kupimia karafuu, na pishi yangu niliigonga kwa ndani, kitako kikatokeza nje. Kwa macho huoni, mpaka upitishe kidole chini. Kila pishi inameza konzi moja zaidi.

Jumapili ya somo la Zakayo, yule mtoza ushuru aliyetubu, nasoma mwenyewe, nikafika "namrudishia mara nne", sauti ikakwama. Maneno hayo nimeyasoma mara ngapi! Nilikaa kitini nikilia, watu wakadhani naumwa.

Msimu haujesha nikaanza kupita majumbani. Bibi mmoja, jirani yangu Muislamu, alizishika pesa akanitazama sana. "Nani kakuona?"

"Hakuna mtu, bibi."

Akanivutia mkeka, akasema, "Basi kaa unieleze."