Mjadala: Kapteni aliyedondosha mabomu penye vijana wetu majini, alikosea au hakuwa na njia?

Msomaji_Tanga
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikosesha usingizi. Februari 1944 meli ya kubeba askari, Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Colombo kwenye msafara wa meli tano za askari. Ndani watu 1,511, na kikosi cha 301 cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki peke yake kilikuwa na watu 996, wanapelekwa vita vya Bama (Burma). Tarehe 12 saa nane na nusu mchana karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpido mbili, ikazama chini ya dakika mbili. Waliokufa 1,297. Sasa wale wachache waliowahi kuruka walikuwa wanaelea, nyambizi ikajificha chini yao kabisa, na manowari ya Kiingereza Petard ikaja ikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji pale pale penye watu. Yule kapteni alikuwa sahihi?

Gati_Namba_Saba
Sahihi kabisa. Meli nne zimebaki zimejaa askari, ukiiacha ile nyambizi hai usiku inafuata nyingine, hapo hakuna cha huruma. Halafu tuseme ukweli jamani, wengi wa wale vijana walikuwa watu wa bara, maji hawayajui. Mtu wa pwani angepiga mbizi akasogea mbali, si kukaa pale anasubiri.

Nyar_Nam
Wewe Gati naomba ufute hiyo ya mwisho. Babu yangu alikuwa kwenye hiyo meli. Sisi ni watu wa ziwa, amezaliwa anavua na baba yake, unaniambia nani hajui maji?? Nyumbani mwili haukuja, alikuja karani na karatasi tu, ikabidi wazee wachimbe kaburi wazike tunda la yago (mwegea) mahali pake kama mila yetu inavyotaka, nyanya yangu akalilia tunda. Hadi anazeeka ukikata nyasi pale kaburini vibaya anakuchapa. Usiniletee mambo ya kupiga mbizi.

Gati_Namba_Saba
Dada pole kwa msiba, sikumtaja babu yako. Nimesema wengi, sijasema wote. Mimi nimekulia Likoni, kila Krismasi tunaokota wageni wa bara wanaozama mchana kweupe, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mwalimu_Ngamiani
Kaka dakika mbili! Wengi walikuwa chini ukumbini wanasikiliza muziki. Meli inalala ubavu, ngazi imekuwa ukuta, giza, watu mia kadhaa kwenye mlango mmoja. Hapo hata samaki angekufa. Kuogelea kunaanzia wapi?

Fundi_Bamba
Mnagombana bure, tatizo ni meli yenyewe. Hizi Liberty, meli za mizigo za wakati wa vita, Wamarekani walizijenga harakaharaka tu, moja waliijenga siku nne na nusu mwaka 1942, nzima imechomelewa hakuna ribiti (pini za chuma za kushikia mabamba). Mimi nachomelea mabamba mwaka wa kumi na tisa huu, nawaambia ufa ukianzia kwenye kona ya mlango wa shehena hausimami. Kwenye ribiti ufa unaishia mwisho wa bamba, kwenye meli ya kuchomelea bamba zote ni kitu kimoja, unakwenda nao mpaka chini. Kuna zilizokatika katikati hivihivi bila hata adui.

Msomaji_Tanga
Fundi hii haikuwa Liberty. Ilijengwa Scotland 1922, meli ya abiria ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, baadaye ikanunuliwa na kampuni ya Misri ndio ikapewa jina la Khedive. Vita vilipokuja ikageuzwa ya askari.

Fundi_Bamba
Basi nimekosea meli ila sijakosea hoja. Chombo cha abiria cha miaka ishirini na mbili unakijazia watu 1,500? Na zile Liberty pia mafundi walilaumiwa sana mpaka yule mama wa Cambridge, Constance Tipper, alipoonyesha kwamba chuma chenyewe kikipata baridi kinakuwa kama kioo. Siku zote lawama huanza kwa fundi.

Mwana_Kigoma
Mkitaka meli ya askari ambayo mtu anaweza kuigusa njooni kwetu Kigoma muone meli ya Liemba. Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaibebea askari Ziwa Tanganyika, wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Ile ndiyo chuma.

Mwalimu_Ngamiani
Mwana Kigoma, Liemba tunaipenda wote ila Liemba na Maldivi wapi na wapi. Turudi kwa kapteni wa Petard. Huyo Egan hakuwa na anasa ya kuchagua. Paladin, manowari ya pili ya Kiingereza, ilikuwa imeshashusha mashua inaokota watu. Akisubiri, zile manowari zote mbili zimesimama zinangoja torpido.

Nyar_Nam
Mwalimu unaongea kama uko darasani. Unajua bomu likilipuka chini ya maji linamfanya nini mtu anayeelea? Halimkati. Ule msukumo unampiga tumboni, utumbo unapasuka, nje hana hata mkwaruzo. Watu wametoka kwenye meli inayozama, wanaona manowari ya upande wao inakuja, wanainua mikono. Wanainua mikono! Na waliopona walikuwa 214 tu katika wote wale.

Mwalimu_Ngamiani
Dada sibishi uchungu. Nyambizi iliibuka kweli, Paladin ikataka kuigonga ikajipasua yenyewe, mizinga ikashindwa kutoboa, Petard ikarusha torpido moja moja mpaka ya saba ndio ikaimaliza. Adui alikuwa bado ana nguvu, hakuwa wa kuachwa.

Nyar_Nam
Kwa hiyo unakubali mabomu yale hayakuimaliza. Ilimalizwa na torpido ya saba, ikiwa juu ya maji.

Mwalimu_Ngamiani
Yaliilazimisha iibuke. Bila hayo isingeibuka.

Gati_Namba_Saba
Mimi bado nasema jeshi liliwachukua vijana wa milimani likawapakia melini bila kuwafundisha hata kuelea, hilo ndilo kosa na hapo silaumu vijana, nalaumu wakubwa. Kama nilisema vibaya mwanzo nilimaanisha hivyo.

Nyar_Nam
Hukumaanisha hivyo. Uliandika "anasubiri". Babu yangu alikuwa anasubiri nini?

Karani_Mstaafu_Nrb
Samahani naingilia. Dada Nyar Nam, makaburi ya vita hapa Nairobi, yale ya Ngong Road, kuna mnara wa Afrika Mashariki wenye majina ya waliokufa kwenye meli hiyo. Mimi nakaa karibu, Jumamosi asubuhi nina nafasi. Nitumie jina la mzee pembeni, na namba yake ya jeshi kama ile karatasi ya karani bado mnayo, nitapita mstari kwa mstari, nikilikuta nitalipiga picha.

Nyar_Nam
Karatasi ipo, mama ameiweka ndani ya Biblia. Imechanika pale penye namba ila nne za mwisho zinasomeka. Jina waliliandika vibaya, wameweka R badala ya L, kwa hiyo baba angalia zote mbili tafadhali. Natuma sasa hivi.

Fundi_Bamba
Karani ukilipata weka na sisi tulione.

Gati_Namba_Saba
Nyar Nam, nimefuta ile sentensi. Nisamehe dada.