Koko anakuja mwezi wa nane: bahari ya De Panne kwa watoto waliozoea Kivu

Kutoka: Namur

Jambo ndugu zetu wa Bukavu mlioko Ubelgiji,

Koko (bibi) wa watoto anafika mwezi wa nane kwa viza ya siku 90, pamoja na wajukuu wawili wa Nguba, mtaa wa Bukavu ulio ukingoni mwa ziwa, miaka 9 na 12. Wanaogelea ziwani kama sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Tunatafuta siku tatu za bahari, bila gari, mahali penye nafasi. Twende wapi, na ni kitu gani kinachowashinda watu wa Kivu wakifika kule? Na chakula: koko hali mikate mchana.

Tuko pamoja.

Kutoka: Gent

Dada wa Namur, salamu nyingi kwa koko.

Nendeni De Panne. Pwani nzima ya Ubelgiji ni kama kilomita 67 tu, na sehemu kubwa imezibwa na magorofa, De Panne pia. Lakini tembea kuelekea magharibi, bahari ikiwa mkono wa kuume: nyumba zinakoma, vinaanza vilima vya mchanga vya Westhoek vyenye majani makali, mpaka Ufaransa. Anayekijua kipande hicho hasumbuki kutafuta kingine.

Sasa hao watoto. Kule Nguba, hatua chache kutoka ukingoni maji yako kifuani, na kesho yake ukingo uko palepale. De Panne mtoto anatembea mbali maji yakiwa bado magotini, lakini ukingo wenyewe unahama. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na tofauti ya kina ni mita 3 hadi 5. Waswahili wa pwani wana jina la siku zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa sana na kupwa sana: bamvua. Sisi wa ziwani hatukuwahi kulihitaji neno hilo. Kule mtalihitaji.

Maji yakipwa, mchanga haubaki sawa kama meza. Inatokeza migongo mirefu inayofuata pwani, na katikati yake vijito na vidimbwi vyenye maji ya uvuguvugu. Watoto hawatoki humo, na si vibaya. Ubaya ni kwamba maji yakirudi hayaanzi mbele yako. Yanaingia kwanza kwenye kijito kilicho nyuma. Mtoto amesimama juu ya mgongo, miguu mikavu, macho baharini, kumbe kati yake na taulo la koko pamekwisha kuwa na maji ya kiuno, tena yanakwenda mbio kwa upande. Anayejua kuogelea ndiye anayedharau.

Kwa hiyo panga siku kwa jedwali la maji, lile la saa za kujaa na kupwa, usipange kwa jua. Fika saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, cheza, na maji yakishaanza kurudi, nusu saa haijaisha, wote wawe upande wa nchi kavu wa kijito cha mwisho. Usingoje uone hatari, kwa sababu mwendo haulingani: katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta kama sehemu moja kati ya kumi na mbili, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja huleta sehemu tatu. Siku ya bamvua ya mita 5, hizo saa mbili za katikati ni mita mbili na nusu za maji.

Kutoka: Liège

Naongeza kuhusu saa, maana hapo ndipo watu wanapotea. Jedwali likisema 11:00, ni saa tano yetu. Mwambieni koko hivyo. Wakati wa kiangazi saa ya Ubelgiji na ya Bukavu ni moja, hata saa yake ya mkononi asiiguse. Ila hakikisheni kama jedwali limeshaongeza ile saa moja ya kiangazi, maana mengine hayaongezi. Na msitumie la jana: maji yakipwa Jumamosi saa tano, Jumapili ni karibu saa sita kasoro dakika kumi.

Safari: treni ipo moja kwa moja kutoka Bruxelles, inapita Gent na Veurne, karibu saa mbili. Kituo kinaitwa De Panne lakini kiko Adinkerke, bahari huioni. Msishtuke. Tramu ya pwani inaanzia hapo hapo mbele ya kituo. Ni ya kampuni nyingine, De Lijn, tiketi ya treni haifanyi kazi humo. Tramu hiyo hiyo inafuata pwani yote hadi Knokke, zaidi ya saa mbili, kwa hiyo mvua ikinyesha siku ya pili mtakuwa na la kufanya. Jumamosi ya jua pandeni treni ya mapema sana. Ya saa nne asubuhi watu husimama mpaka mlangoni.

Karatasi. Westhoek inaishia mpakani, na mchangani hakuna kizuizi: unatembea tu, mara uko Bray-Dunes, Ufaransa. Koko na viza yake ya Schengen hana shida, abebe pasipoti. Mwenye kadi ya chungwa, ile ya anayesubiri uamuzi wa hifadhi, asivuke, hata kwa kufuata mpira wa mtoto, kwa sababu kadi hiyo haimruhusu kutoka Ubelgiji, na polisi upande ule wako macho kwa ajili ya mitumbwi ya wahamiaji wanaokwenda Uingereza.

Kutoka: Oostende

Yote ni sawa, lakini hamjasema upepo, na upepo unaua kuliko kijito.

Pwani hii inatazama kaskazini-magharibi. Upepo ukitoka kusini au kusini-mashariki, bahari inakuwa laini kama Kivu asubuhi, kila mzazi anasema leo ni salama. Ndiyo siku mbaya. Upepo unatoka nchi kavu na kusukuma nje kila kinachoelea: mpira, godoro la hewa, mtumbwi wa plastiki na mtoto juu yake. Godoro likiondoka, liache liende. Bendera ya manjano maana yake unaweza kuoga kwa uangalifu lakini vitu vya kuelea ni marufuku, nyekundu, usiingie kabisa, kijani, ingia. Ogeni mbele ya waokozi tu, na pale wanapokuwa kazini. Mwezi wa saba na wa nane kawaida yao ni 10:30 hadi 18:30.

Mkihamia Oostende, Blankenberge au Knokke, mtaona kuta za mawe zinazoingia baharini. Watoto wa Bukavu wakiona jiwe wanataka kuruka. Hapana. Pembeni ya kuta hizo maji huzunguka na kuvuta, na mawe yenyewe yana utelezi wa majani ya bahari.

Mguu ukichomwa ghafla kwenye maji ya kina kifupi, maumivu makali yanayopanda, mara nyingi ni samaki mdogo anayejizika mchangani, Waflandri humwita pieterman. Barafu haisaidii. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto, yale ambayo mkono wa mtu mzima unavumilia, nusu saa, kwani joto huvunja sumu yake. Mkipita Oostende, kwenye barabara ya pwani kuna sanamu ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji juu ya farasi, na chini yake Wakongo wanaomshukuru. Sanamu ya mmoja wao ilikatwa mkono kwa msumeno mwaka 2004, kusudi watu wakumbuke mikono iliyokatwa Kongo. Mtoto wa miaka 12 atauliza. Jibu muwe nalo kabla.

Kutoka: Bruxelles

Mimi ningependekeza De Haan, nyumba fupi, vivuli, lakini naona hapa ni kabila la De Panne. Basi.

Ngozi na nywele. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, Kivu haikuwafundisha hilo. Pakeni mafuta ya mgando kwenye ngozi ya kichwa, katikati ya misuko, kabla ya kuingia. Bebeni chupa mbili za lita moja na nusu za maji matamu kwa kila mtoto, za kusuuzia. Na baridi: Agosti maji yana nyuzi 18 hadi 20, Kivu iko karibu 24. Midomo ikitetemeka, watoke. Koko mumpe kitenge kizito cha mabegani na kizuia-upepo cha kitambaa, miti yake muipigilie ndani kabisa ya mchanga, kiti chake kikiwa nyuma ya kitambaa.

Chakula: makaa mchangani hayaruhusiwi. Bugali songeni alfajiri, mgumu kidogo, ufungeni ukiwa moto kwenye plastiki kisha taulo, ndani ya mfuko wa baridi uliokauka. Adhuhuri bado una uvuguvugu. Samaki wa kukaanga, pilipili kando. Kuleni mkiwa mmejifunika, shakwe ananyakua kutoka mkononi.

Kutoka: Namur

Aksanti sana. Moja la mwisho: kule wanauza kamba wadogo wa kijivu. Koko atawakaanga kama sambaza?

Kutoka: Gent

Atake asitake, wameshapikwa; wavuvi huwachemsha melini. Akiwakaanga tena wanakuwa mpira. Kilo moja yenye maganda inatoa kama theluthi moja ya nyama, hivyo nunueni kilo mbili. Shika kichwa kwa mkono mmoja, mkia kwa mwingine, zungusha kidogo katikati mpaka ganda lilie, vuta upande wa mkia kwanza, kisha nyama itoke kichwani. Wa kwanza kumi watavunjika. Mkitaka kuona wanavyovuliwa, shukeni Oostduinkerke, kwa tramu ile ile: wavuvi wanaingia baharini juu ya farasi wakikokota wavu, kazi ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2013. Wanaanza saa moja na nusu hivi kabla maji hayajapwa kabisa. Kwa hiyo jedwali ni lile lile.

Na watoto waokote kombe za baharini mapema. Wenzao wa kule huuza maua ya karatasi mchangani, hulipwa kwa kombe, na euro hawapokei.