Masanduku 100 ya mchezo wa ubao: imprimeri ya Lubumbashi ao kiwanda cha Uchina?

KetezaKatuba: Wandugu, mchezo umekwisha kujaribiwa. Sanduku lina karata 54, ubao wa sm 40 kwa 40, kete 24 na sheria kwa Kifaransa na Kiswahili. Nichape wapi?

Yaya Kamalondo: Kwa 100, hapa hapa. Viwanda vingi vya ofseti (kuchapa kwa sahani za chuma) kule Uchina havianzi chini ya nakala 500, vingine 1,000, maana kutayarisha sahani na mashini ni gharama ile ile, utoe chache ao nyingi. Kisha meli hadi Dar es Salaam, lori hadi mpakani Kasumbalesa, forodha. Makuta yako yanalala njiani.

Karata za mm 63 kwa 88 zinaingia 18 kwenye shiti ya A3 (mm 297 kwa 420), safu 3 za karata 6. Basi sanduku moja ni shiti 3. Masanduku 100 ni shiti 300. Agiza 330, maana nyingine zitaharibika kwenye kukata. Usikubali karatasi chini ya gramu 300 kwa mita ya mraba: nyepesi inaonyesha namba mgongoni ukiiinua kwenye mwanga, na hapo mchezo umekufa. Mgongoni usichore fremu nyembamba. Mashini ya dijitali huteleza kama milimita moja kati ya mbele na nyuma, na fremu italitangaza kosa hilo. Rangi ijae hadi ukingoni.

FundiRuashi: Yaya amesema kweli, lakini taabu iko kwenye ubao. Sm 40 haingii kwenye A3. Chapa nusu mbili za sm 20 kwa 40. Tumia kartoni ya mm 2, acha pengo la mm 4 mahali pa kukunja, pitisha utepe wa kitambaa. Karatasi ibandikwe pande ZOTE mbili! Kole ya maji ikikauka inavuta, na kartoni yenye karatasi upande mmoja inapinda kama kigae. Ilaze chini ya uzito usiku kucha. Wakati wa mvua, siku mbili.

Kete, seremala akate fito za mraba za mm 10. Dayisi (dadu), kama mchezo unazitumia, nunua.

Mama Kampemba: Mwanangu, anza na 10. Sheria ikiwa na shimo, utachapa upya karatasi moja tu, si masanduku 100. Na bei: ukiuza mwenyewe, gharama mara 2 ao 3, ukipitia maduka, karibu mara 5, la sivyo muuzaji ndiye atakayekula faida yote.

KetezaKatuba: Asante Mama. Karata zipakwe plastiki inayong'aa ao isiyong'aa?

Yaya Kamalondo: Isiyong'aa. Ile nyingine inarudisha mwanga wa taa machoni, na zikiwa mpya zinagandana wakati wa kuchanganya.