Sintesaiza ya kushika, programu ya bure au mtumba wa Japani: mwezi mzima nimevishindanisha

BesiNzito

Wakuu, habari za jioni. Nina laki nane niliyoichanga kidogo kidogo, na ninachotafuta ni sauti moja tu: ile iliyokuwa ikitoka kwenye gemu za Sega tulizocheza vibandani. Waliokua miaka ile wanaijua. Besi inagonga kama bati la paa, halafu kengele inalia kama iko chini ya maji.

Miaka yote nilidhani ni maajabu ya mle ndani ya kaseti. Kumbe ni chipu ya Yamaha, YM2612, na ni mdogo wake kinanda cha Yamaha DX7 kilichotoka mwaka 1983. Mbinu ni ile ile: wimbi moja linalitikisa jingine kwa kasi kubwa mpaka lile linalotikiswa linabadilika sura na kuzaa sauti mpya. Aliyeigundua ni John Chowning, Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1967, na Yamaha wakachukua leseni. DX7 ina mawimbi sita kwa kila sauti, wenyewe wanayaita opereta, na njia 32 za kuyaunganisha. Sega ilikuwa na manne tu, na sauti sita kwa wakati mmoja. Ufukara huo ndio utamu wake.

Basi nikashindanisha vitatu. Korg Volca FM niliazima kwa rafiki: ni sintesaiza, yaani kidude cha kutengeneza sauti, cha kutosha mkononi, kinakula betri sita ndogo za kawaida, na kinafungua faili zile zile za sauti za DX7. Cha pili ni Dexed, programu ya bure inayoiga DX7, kwenye laptopu yangu ya miaka saba na kibodi ya MIDI ya kuazima (haina sauti yake, inaiambia kompyuta noti ya kupiga). Cha tatu ni DX7 yenyewe, mtumba wa Japani, niliyoiona dukani lakini muuzaji hakukubali iwashwe.

Kwa sauti peke yake sioni ugomvi. Nilipakia faili moja kwenye Volca na kwenye Dexed, nikamsikilizisha mdogo wangu bila kumwambia kipi ni kipi. Akakosea mara tatu kati ya tano, na huyo ni mtu anayejua hata daladala gani imebadilishwa spika.

Tofauti iko kwangu mwenyewe. Volca niliyoazima ni lile toleo la kwanza, inatoa sauti tatu tu kwa pamoja. Ukibonyeza kodi ya noti nne, yaani noti nne kwa mpigo, moja inakufa. Hilo nililizoea kwa siku mbili. Laptopu haina shida hiyo, shida yake ni kwamba ndiyo laptopu ya gemu. Naifungua saa mbili usiku kwa nia njema ya kutengeneza biti. Saa tano nimeuza wachezaji wanne, nimenunua beki wa kushoto, na biti haijaanza. Kwa mwezi mzima Volca imenipa vipande kumi na moja. Dexed imenipa viwili.

Kwa hiyo naelekea kununua Volca. Nipingeni.

Fundi_Solda

Mkuu, kwanza hongera kwa kutoibeba hiyo DX7 kimya kimya. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100, na ukutani kwako zinatoka 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, utapata moshi kabla ya noti ya kwanza. Nimefungua vinanda vya namna hiyo vya kutosha, na wengi walioleta wanaapa kwamba "kiliwashwa tu mara moja".

Halafu mle ndani kuna betri inayotunza sauti zote 32 za kumbukumbu. Imechomelewa kwenye bodi. Ikifa, zinapotea. Kuibadilisha si kazi kubwa, lakini muuzaji anayekataa kuwasha anajua kwa nini anakataa.

Ila nasema hivi: kitu cha kushika kinafunguka. Kikiharibika nakishika, napima, nabadilisha kapasita. Programu ikifa imekufa, na kampuni ikifunga ofisi umebaki na faili zisizosomeka. Mimi kura yangu ni chuma.

PixeliMwambao

Fundi, hapo kwa programu umekwenda kasi. Surge ilikuwa plagini ya kuuzwa, sintesaiza ya kuchomeka ndani ya programu ya kurekodi. Mwaka 2018 mwenyewe akaiachia iwe programu huria, na leo watu wa kujitolea wanaiendeleza kwa jina la Surge XT, bure, kwenye Windows, Mac na Linux. Chanzo chake kiko wazi. Kama wewe unavyoshika solda, kuna mwenzio anashika msimbo wa programu. Niambie ni kinanda gani cha dukani kilichofufuliwa hivyo.

Sasa BesiNzito. Naandika kutoka Mombasa, na gemu nacheza kuliko wewe, kwa hivyo sikuhubirii. Lakini ulichokilinganisha si vyombo. Umelinganisha meza safi na meza iliyojaa peremende. Fungua akaunti ya pili kwenye hiyo laptopu, usiweke gemu hata moja, weka Dexed, Surge na programu ya kurekodi, basi. Kuhama akaunti kunachukua muda wa kutosha aibu kukupata.

Jambo la pili, umewahi kuangalia bafa, kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa? Watu wengi huona programu "haina uhai" kwa sababu wanabonyeza na sauti inakuja nyuma. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 inakuchelewesha kama milisekunde 23, na hapo bado hujahesabu waya na kadi ya sauti. Shusha hadi 256, inakuwa chini ya 6. Kwenye Windows bila kadi ya sauti ya nje, weka ASIO4ALL kwanza, kiendeshi cha bure cha kupunguza uchelewaji wa sauti. Kadi kubwa ya picha ya gemu haikusaidii hapa. Kazi hii ni ya prosesa na ramu. Vital tu, sintesaiza nyingine ya programu, ndiyo itakayokula kadi ya picha, kwa ile michoro yake inayochezacheza, na kwa laptopu ya miaka saba ningeiacha.

Na hiyo sauti ya Sega unayoililia? Yuzo Koshiro, aliyetunga muziki wa Streets of Rage ya mwaka 1991, hakuwa na kifundo cha kuzungusha. Aliandika noti kwa maandishi, kwa lugha yake ya programu, kwenye kompyuta ya NEC PC-88 iliyokuwa imeshapitwa na wakati. Sauti unayoipenda ilizaliwa kwenye kibodi ya kuchapia.

Fundi_Solda

Hilo la Koshiro sikulijua. Nakubali goli moja.

Lakini umeme ukikatika, Volca yake bado inapiga.

PixeliMwambao

Na laptopu ina betri, ndugu yangu.

Fundi_Solda

Ya miaka saba? Hiyo betri ni pambo.

Bi_Kanuni

Wanangu, nimewasoma wote na hakuna aliyemuuliza anataka kupiga nini.

Mimi napiga kinanda kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja, huu mwaka wa kumi na tisa. BesiNzito, kama ni biti za kwenda mbele na kurudi nyuma, chochote kitakufaa. Siku utakapotaka Rasti au Bayati, zile mizani za noti za Kiarabu tunazopigia taarab, hiyo Volca itakukwama mkononi. Kati ya Mi na Mi iliyoshushwa kuna noti nyingine, robo ya toni, na vinanda vya kawaida haviifahamu. Fidla anaitafuta kwa kidole, udi hauna mabati shingoni ya kumzuia mpigaji, kanuni, ile ya nyuzi nyingi, ina vile vishikizo vidogo vya kupandisha na kushusha. Mpigaji wetu wa akodiani akifika hapo huikwepa noti, na wasikilizaji wazee humwona anavyoikwepa.

Ndiyo maana sisi tunatumia vinanda vya toleo la Kiarabu, mfano Yamaha za PSR-A au Korg Pa: unabonyeza, noti unayotaka inashuka robo. Hiyo DX7 ya mwanzo mnayoiimba haina kitu hicho, kilikuja na DX7II. Sasa nyie vijana wa kompyuta, hizo programu zenu za bure zinaweza, au ni kelele za gemu tu?

BesiNzito

Shikamoo mama. Swali lako limenikosesha usingizi, kwa sababu bibi yangu ni wa Tanga na kaseti zake za taarab ndizo nilizokulia kabla ya hizo za Sega. Sikuwahi kuviweka viwili hivyo kwenye sahani moja.

Jibu: zinaweza. Surge XT na Dexed zote zinasoma faili ya Scala, ya kupangia urefu wa noti, ambayo ni maandishi matupu, unaifungua hata kwa Notepad. Kila noti ina mstari wake, na kipimo ni senti: kila nusu toni ni senti 100, oktava nzima 1,200. Nikachukua jedwali la kawaida la noti kumi na mbili kuanzia Do. Mi ilikuwa 400.0 nikaandika 350, Si ilikuwa 1100.0 nikaandika 1050. Nikapakia, nikabonyeza Mi, ikapotea kabisa. Nimehangaika hadi saa saba usiku. Kumbe nukta! Ukiandika 350 bila nukta, programu haisomi senti, inasoma mara 350. Mi yangu ilikuwa imepaa hadi mahali ambapo labda popo wanaisikia. Nikaandika 350.0 na 1050.0, Rasti ikakaa.

Na faili hiyo hiyo, ukianzia Re na kutumia kitufe cheusi cha Si iliyoshushwa, ni Bayati. Nimeijaribu kwa ile besi ya bati ya Sega. Sijui niielezeeje. Ni kama Sega imeolewa Unguja.

Bi_Kanuni

Marahaba mwanangu. Lakini usiridhike na hiyo 350 kama mtu aliyepata namba ya nyumba. Hiyo ni robo ya kwenye karatasi. Mi ya Rasti huwa juu kidogo kuliko Mi ya Bayati, na mpigaji mzuri huisogeza kwa masikio. Tengeneza faili mbili. Ya Bayati iteremshe kidogo kidogo, huku unasikiliza udi wa mtu anayejua.

Mwenye kifundo cha kuzungusha angeisogeza huku anapiga. Hapo Fundi ana haki yake.

PixeliMwambao

Kipo cha kushika kinachofanya hivyo, tusimnyime: Korg Monologue. Ina mizani za noti unazojitengenezea mwenyewe, na walipoitengeneza alishirikishwa Aphex Twin, mwanamuziki wa elektroniki mwenye wazimu wa robo toni. Nayo inakula betri sita. Ila inapiga noti moja moja, na si mbinu ya DX7, ni osileta na filta za kizamani. Besi ya bati hutaipata humo.

Fundi_Solda

Noti moja moja si kasoro kwa Rasti. Kanuni inapiga kodi lini?

Bi_Kanuni

Hapo umesema.

BesiNzito

Wakuu, nimeamua nusu. Volca namrudishia mwenyewe Jumamosi, na betri mpya namwekea. Laptopu nimeifungulia akaunti ya pili, jina lake "Kazi", siku ya nne leo na beki wa kushoto bado hajaongezewa mkataba. Sehemu ya pesa nimenunulia kibodi ya MIDI ya vitufe 49, yenye vifundo vinane. Cha kwanza nimekifunga kwenye kina cha kutikisika kwa opereta wa pili, hicho ndicho kinachoamua ubati. Cha pili nimekiacha wazi kwa ajili ya ile Mi, nikishajua namna ya kuisogeza huku napiga.

Pesa iliyobaki nazunguka nayo. Monologue imeniingia kichwani, na sitaki kudanganya.

Mama, kama una rekodi ya udi peke yake katika Bayati, hata ya simu, nitumie kwa ujumbe wa faragha.

Bi_Kanuni

Ninayo, ya mazoezi, ina kelele za feni. Nitumie na wewe hiyo ndoa ya Sega. Nataka kumsikilizisha mtu wa akodiani.