MREJESHO: Kipaji cha kushona, nilichouliza mwezi wa tatu

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu niliuliza hapa: Mungu kanijalia kushona, hela ya kutoa sina, nitawafaaje wengine? Asanteni mno mlionijibu, hata yule aliyenicheka.

Nilimfuata dada aliyesema nishone pedi za kufua kwa mabinti wa shule ya jirani. Juu flaneli, katikati kitambaa cha taulo tabaka mbili, chini kisichopitisha maji. Nimeshatoa 40 na mwalimu wa malezi anaomba nyingine.

Yaliyonishinda sasa. Vifungo vya chuma vilishika kutu, nikahamia vya plastiki. Halafu wengine walikuwa wanaanika uvunguni kwa aibu, zikanuka. Hilo sikuliwaza kabisa! Siku hizi kila pedi naitoa na kitambaa chepesi cha kuifunikia kambani, ipate jua.

Ushauri wa kufundisha mabinti bure Jumamosi umekwama nusu: walianza tisa, wamebaki wanne. Cherehani yenyewe moja, tena ya kukanyaga. Ila juzi mmoja kashona pedi nzima peke yake, na mshono wake umenyooka kuliko wangu.