Nilirudisha pesa za mabati na hakuna anayejua. Nikubali kuwekewa mikono?

dereva_muyeye
Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, na huu mwaka wa tatu natunza pesa za mabati ya kanisa letu, Muyeye. Zinaingia kwenye laini ya simu yangu. Mei, mvua imekaza na watalii hakuna, injini ikafa. Fundi akataka 8,500. Nikazitoa kwenye za mabati bila kumwambia mtu, hata mke wangu. Siku ya 19 nikazirudisha zote.

Hakuna shilingi iliyopotea. Lakini Jumapili iliyopita mchungaji alinisimamisha mbele, akasema kanisa limepata mtu mwaminifu, na mwisho wa mwezi nawekewa mikono niwe mzee wa kanisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja wao anauza mahamri, hutoa 50 kila wiki, na hunikabidhi mkononi akizifungua kutoka pembe ya leso. Tangu siku hiyo nikimwona nabadilisha njia.

Na hapa ni Malindi. Tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 kule msitu wa Shakahola, ya waumini wanaodaiwa kuambiwa na mchungaji wao wafunge hadi kufa, abiria akisikia nimeweka nyimbo za injili huniuliza, "Na nyinyi, mchungaji wenu ni wa aina gani?" Zamani nilikuwa namjibu bila wasiwasi. Wiki hii nimeshindwa. Niseme, au ninyamaze kwa kuwa deni limekwisha?

kijana_barani
Ndugu, umelipa, yameisha. Ukisimama kusema, kuna watakaoacha kutoa na paa litabaki hivyo hivyo. Tubu kwa Mungu uendelee na kazi.

mama_wa_gede
Mwanangu, sikubaliani na huyo kijana. Nimekuwa mhazini wa akina mama miaka 11. Soma Walawi 6, habari ya mtu aliyemdanganya mwenzake juu ya amana. Anarudisha yote, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe, na bado anapeleka sadaka ya hatia. Torati haikuishia kwenye kurudisha. Ya kwako ni 1,700.

Lakini usianze na kanisa zima. Anza na mkeo, leo, kabla hujalala. Kisha mchungaji na wazee, kabla ya siku ya kuwekewa mikono. Wao ndio wataamua kama washirika waambiwe. Wakisema usubiri mwaka, subiri.

Hata hivyo kanisa nalo nalilaumu. Miaka mitatu pesa zinakaa kwa simu ya mtu mmoja, na hakuna aliyewahi kuomba kuona taarifa ya laini? Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, mchango wa watakatifu hakutaka kuushika peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu. Ikiwa mtume alijiwekea mashahidi, sisi ni nani?

fundi_langoni
Samahani kuingilia. Mimi ni Mwislamu, niko Lamu, lakini amana ni amana. Chama chetu cha maseremala kina sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Si kwamba hatuaminiani. Mwenzetu alilazwa mtoto, akaja akaeleza shida yake, tukafungua wote watatu tukampa. Wewe ndugu yangu hukuomba. Pengine wangekupa.

dereva_muyeye
Hilo la kuomba limeniingia kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Niliona haya mtu mwenye tuktuk kuonekana hana.

Jana usiku nimemwambia mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikuuza mbuzi. Sikuwa na jibu. Kesho saa kumi, nikishawarudisha watoto wa shule, naenda kwa mchungaji na taarifa ya laini yangu, tangu mwezi wa kwanza wa kupokea. Zile 1,700 nimeanza kutenga. Mpaka sasa nina 900.